Viti vya Ghorofa ya Tisa

Benki ilipougua, nchi nzima ilichangia dawa. Hakuna aliyeulizwa kama anataka kuchanga. Asubuhi moja redio ilisema benki kubwa imeyumba, ikianguka itatuangukia wote, kwa hiyo serikali imeamua kuipa fedha za kuinusuru. Haikupita wiki, sukari ikapanda, sabuni ikapanda, na ushuru wa vibanda vya mafundi ukaongezwa. Watu si wajinga. Fedha zile wakazipa jina lake: dripu. "Benki imewekewa dripu," walisema, "na mshipa uliotobolewa ni wetu."

Haya. Mgonjwa uliyemuuguza kwa damu yako akipata nafuu, unatarajia afumbue macho akuulize, "Na wewe umekula?" Benki haikuuliza. Ilibandika tangazo mlangoni kwamba kila mwenye akiba atachukua kidogo tu, mara moja kwa wiki, na kwa foleni. Mwenye mali akawa mwombaji kwenye mlango wa mtunza mali.

Mama Springi alilisoma tangazo lile kwa sauti, neno kwa neno, kwa sababu dada yake aliyekuwa amemshika mkono hakuweza kulisoma. Jicho la kulia la Dada lilikuwa limezimika tangu mwaka uliotangulia. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, akiangalia kitu anakiona kama kiko nyuma ya kitambaa cha chujio. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali kuu kwa siku chache. Mwisho wao ulikuwa Ijumaa, kisha wanahamia mji mwingine, na kurudi kwao hakuna aliyekujua. Lenzi ililipiwa kabla ya kisu. Na fedha za lenzi Dada alikuwa nazo! Alipikia shule ya bweni miaka thelathini na mmoja, akakoroga uji kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa ndani ya jengo lile lenye vioo. Kwa kile kidogo cha kila wiki, angehitaji kupanga foleni wiki kumi na moja. Ijumaa ilikuwa imebakiza siku tatu.

"Basi nitasimama," Dada alisema. "Labda huruma itawaingia."

"Huruma haina akaunti humo," mdogo wake akamjibu.

Hata hivyo Dada akasimama, siku baada ya siku, miguu yake imevimba kama mikate iliyoumuka. Kwa kuwa hakuona vizuri, alijipa kazi ya mdomo. Alitega vitendawili, na foleni ikategua ili jua lisiwaue kwa ukimya.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Akila anakula peke yake, akiugua dawa tunakunywa sisi."

Foleni nzima, kuanzia mlangoni mpaka kona ya duka la viatu, iliitika kwa pamoja, "Benki!" Mlinzi wa mlangoni akainamisha kofia kuficha kicheko. Naye mshahara wake ulikuwa umo humo humo.

Mama Springi hakuweza kusimama naye kutwa. Alikuwa fundi wa makochi, karakana yake ilikuwa mtaa wa pili nyuma ya benki, na kazi haimngojei mtu. Jina lile alipewa ujanani, siku springi ya kochi bovu ilipomrukia ikampiga kwenye paji la uso, naye badala ya kulia akacheka mpaka akakaa chini. Alama ilibaki, na jina likabaki. Siku ile ya Jumanne alikuwa amepiga magoti anabana gunia chini ya kochi, kinywa kimejaa misumari midogo, mara akanusa mgeni kabla ya kumwona.

Mgeni alikuwa kijana wa benki, afisa wa manunuzi. Mama Springi hakushika jina lake. Moyoni alimwita Manukato, kwa kuwa mafuta yake ya kunukia yalitangulia kuingia na yalichelewa kutoka.

"Shikamoo, mama."

Alitema misumari kiganjani. "Marahaba, mwanangu. Karibu. Tafuta pasipo na pini ukae."

Hapakuwepo. Manukato akabaki amesimama, anakunja suruali. "Mama, si wewe uliyetengeneza viti vya chumba cha wakurugenzi? Kule ghorofa ya tisa?"

"Kumi na viwili. Miaka minne iliyopita. Vimefanya nini?"

"Vimechoka."

"Viti vyangu?" Aliuliza kama mzazi aliyeambiwa mwanawe ameiba. "Viti vyangu vimechoka?"

"Twende ukavione."

Akajikung'uta pamba, akaenda. Walipita mlango wa nyuma, wasikutane na foleni, na wakapanda kwa lifti. Mlango wa lifti ulipofunguka ghorofa ya tisa, Mama Springi alikanyaga zulia, mguu ukazama. Zulia lilikuwa jipya kiasi kwamba kando bado lilikuwa na nailoni ya dukani. Ukutani palikuwa na tangi la samaki refu kuliko kitanda cha mtu mzima, na samaki wa rangi ambazo hata wauza vitambaa hawana. Kijana mmoja mwenye glavu alikuwa anawanyunyizia chakula.

"Hawa nao wana akiba hapa?" Mama Springi aliuliza.

Manukato hakucheka. "Ni kwa ajili ya utulivu, mama. Wakurugenzi wana msongo mkubwa kipindi hiki cha kuokoa benki."

"Na hilo zulia?"

"Utulivu pia."

"Na yule anayelisha samaki?"

"Mama, tuangalie viti."

Viti vilikuwa vimezunguka meza ndefu, vimekaa kwa adabu kama watoto walioambiwa wasiguse kitu. Mama Springi aliweka kiganja juu ya kimoja, akabonyeza, akaachia. Kikapanda taratibu, kikarudi palepale kilipokuwa. Manukato akafungua kijitabu cha picha za viti vingine, vya kutoka ng'ambo, ngozi ya ndama, vyeusi, vinang'aa kama viatu vya askari wa gwaride. Vinapasha mgongo joto, alieleza. Vinakanda mabega. Ukibonyeza hapa, vinalala.

"Kiti kikilala, mkutano anaendesha nani?"

"Mama," Manukato alishusha sauti, "shida ni ndogo tu. Serikali imeweka sharti. Fedha za kunusuru benki zisinunue fanicha, isipokuwa iliyopo iwe imekufa kabisa, na fundi aliyeitengeneza athibitishe kwa saini yake. Fundi ndiye wewe. Kila kitu kimeandikwa tayari."

Akampa karatasi. Mama Springi alikuwa na darasa saba tu, lakini darasa saba za zamani. Alisoma kila nukta. *Mimi fundi niliyetengeneza viti vilivyotajwa nathibitisha kwamba havitengenezeki tena, na havifai kukaliwa na binadamu.*

Akairudia mara mbili sehemu ya mwisho. Havifai kukaliwa na binadamu.

"Mimi sisaini kiti ambacho sijakipindua," alisema.

"Vipindue."

"Kupindua ni kukifungua tumbo. Unang'oa misumari, unatoa gunia, vumbi linatoka, pamba inaruka. Nianze? Hapa hapa kwenye zulia la utulivu?"

Kijana aliangalia zulia, akaangalia viatu vyake. Yeye alidhani kukagua kiti ni kukitazama. Hakujua kwamba kwa mafundi, kiti kinaanzia chini. Lakini haraka ilikuwa imemshika, kwa hiyo akachomoa kitabu cha vibali, akaandika kibali cha kutoa mzigo getini: *Viti chakavu kumi na viwili. Vimeondolewa. Ni mali ya fundi.* Akagonga mhuri, pwaa!

"Vyote chukua, mama, hatutaki virudi. Kata kuni ukitaka. Nachohitaji ni saini tu, Alhamisi kabla ya saa sita." Akamsogelea, na manukato yakasogea naye. "Halafu nasikia una dada yako hapo chini kwenye foleni. Wa macho. Ukileta karatasi, namshika mkono mwenyewe, nampeleka dirishani, anachukua chake chote. Chote. Hakuna mtu amepata hivyo tangu tangazo litoke."

Mama Springi alikuwa amepanda kwa lifti, lakini aliteremka kwa ngazi, ghorofa zote tisa, maana alihitaji muda kabla ya kuiona sura ya dada yake.

Jumatano kutwa alifungua viti karakanani, kimoja kimoja, na kuvifunga tena. Alisaidiwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, seremala aliyeshughulikia mbao wakati yeye anashughulikia vitambaa. Wawili hawa walitaniana tangu siku ya harusi, na kifo cha aliyewaunganisha hakikuukata utani.

Katika ufundi ule kulikuwa na sheria yenye umri mkubwa kuliko cherehani yao. Kiti, walisema, kina nguo, kina nyama, kina mifupa. Nguo ikichanika, ishone. Nyama ikinywea, ijaze. Mifupa ikivunjika pasipounganika, hapo ndipo useme kimekufa. Na kilichokufa ni cha fundi: springi zake, misumari yake, kila kinachoweza kuokolewa, mteja hadai. Lakini kilicho hai kina mwenyewe. Fundi anayekitangazia msiba kiti kizima ili arithi springi, huyo hata mafundi wenzake hawamwazimi nyundo.

Cha kwanza, mifupa mizima. Cha pili, mizima. Shemeji aligonga viungo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari wa kifua. Cha tano kilikuwa na doa la chai. Cha nane kilifumuka mshono pembeni, dawa yake ni sindano na uzi na muda wa kunywa maji. Cha kumi na mbili kilikuwa kama kimetoka karakanani jana. Labda mkurugenzi wake hakuhudhuria vikao.

"Shemeji," yule seremala alisema, akapangusa jasho, "hawa wagonjwa wanatuzika sisi."

"Hakuna hata kimoja kilichokufa."

"Hakuna." Kisha akaongea bila utani. "Saini hivyo hivyo."

"Unasema?"

"Nasema saini. Unadhani ukikataa wataacha kununua? Watampata fundi mwingine, mmoja anayeshika nyundo kichwani, atasaini huku anapiga mluzi. Vile viti vya kulala vitakuja tu. Tofauti ni moja. Wewe ukisaini, dada anaona. Usiposaini, haoni. Na hivi tukiviuza si vinalipa hata ushuru wa kibanda?"

Mama Springi aliikunjua karatasi juu ya kiti cha kumi na mbili. Alichukua kalamu. Aliisogeza ncha mpaka kwenye mstari wa saini, ikaishia hapo. Hasira ilikuwa inapanda polepole, kama maziwa jikoni, na kadiri alivyotafuta inatoka wapi ndivyo ilivyozidi kuchemka. Haikuwa kwa sababu ya zulia. Wala samaki, masikini, wao wana kosa gani. Ilikuwa hivi: ile fedha ni ya Dada. Aliipata kwa moshi uliomla macho. Wameishika, wameifungia, na sasa wanamuuzia ile ile, na bei yake ni uongo wa mdogo wake. Yaani mtu anakuibia ng'ombe, halafu anakupa maziwa kwa sharti kwamba utasema ng'ombe ni wake.

Akaifunga kalamu. Hakusaini, lakini hakuichana karatasi pia. Jicho ni jicho.

Alhamisi asubuhi alimkuta Dada kwenye foleni, ameegemea ukuta, kiatu kimoja amekivua kupumzisha mguu. Alimpa chai kwenye kikombe cha chupa, akamwacha anywe. Kisha akamsimulia yote: lifti, zulia, samaki, viti, karatasi, ahadi. Aliongea chinichini, lakini foleni ina masikio, na waliokuwa mbele na nyuma wakaacha kuongea mmoja mmoja.

"Nisomee," Dada alisema.

Akasoma. Alipofika mwisho, Dada akamkatiza.

"Rudia hapo."

"Havifai kukaliwa na binadamu."

"Na ni vizima?"

"Dada, ningemlaza juu yake mtoto mchanga."

"Na ukisaini napata yangu yote, leo. Kesho naona."

"Ndiyo, dada. Ndiyo maana nimekuja nayo. Wewe sema tu. Ukisema saini, nasaini hapa hapa mgongoni kwako, na Mungu atanielewa."

Dada alimrudishia kikombe. Mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa nyuma yao, alishika mdomo. Mzee mmoja fundi saa alikuwa amevua miwani, anasubiri.

"Unajua nilivyokuwa nagawa uji?" Dada alisema mwishowe. "Watoto mia nne. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuja jikoni akaniambia, mtoto wangu mimi mjazie zaidi, nami nitakupandisha cheo. Nikamwambia, mwalimu, mwiko wangu hauna macho. Haumjui mtoto wa nani." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Sasa mimi mwenyewe ndiye sina macho, na wanataka mwiko uone. Wananipitisha mlango wa nyuma. Na huyu aliye nyuma yangu? Mama, mtoto wako anaumwa nini?"

"Kifua, bibi," mwanamke kijana alijibu.

"Na yeye, uko wapi mlango wake wa nyuma?" Dada alivaa kiatu chake kwa kupapasa. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa ile iliyokuwa inavuka jiko zima la shule. "Mdogo wangu! Viti viko wapi?"

"Karakanani."

"Vilete. Nataka nijue kama mimi ni binadamu."

Watu walifikiri ni maneno ya uchungu tu. Mama Springi alimjua dada yake. Aliondoka mbio, mbio za mwanamke wa miaka sitini na ushei, na baada ya nusu saa mkokoteni ukatokea kwenye kona ya duka la viatu, Shemeji anavuta, yeye anasukuma, viti vinne juu yake vimefungwa kamba. Wakarudi kuchukua vingine. Safari ya tatu, vyote kumi na viwili vilikuwa vimepangwa kwenye barabara ya waenda kwa miguu, mbele ya milango ya vioo, vinatazama benki.

Dada alikaa wa kwanza. Alijishusha polepole, mikono miwili kwenye mbao za pembeni, akakaa, akaegemea. Foleni ilishusha pumzi pamoja naye.

"Mnanionaje?"

"Bibi mkurugenzi!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Kikao kimefunguliwa," Dada alijibu. "Ajenda ni moja. Leteni fedha zetu."

Wakakaa wazee, wakakaa wenye mimba, akakaa mwanamke wa mtoto mwenye kifua, akakaa fundi saa. Mama Springi alitoa bunduki ya pini kwenye aproni, akaibana ile karatasi ya benki, bila saini, kwenye mgongo wa kiti cha dada yake, kwa pini mbili tu asiharibu kitambaa. Kila aliyepita aliisoma. *Havifai kukaliwa na binadamu.* Kisha anamtazama bibi aliyekaa. Kisha anatazama juu, ghorofa ya tisa. Mwenye macho haambiwi tazama. Simu zikatoka mifukoni, picha zikaanza kupigwa.

Manukato alikuja akikimbia, na kwa mara ya kwanza jasho lake lilitangulia mafuta yake.

"Mama! Nini hiki? Viondoe! Hivi ni viti vya benki!"

"Ni chakavu, mwanangu. Umeandika mwenyewe." Mama Springi akakunjua kibali cha getini. "Na mhuri huu hapa. Mali ya fundi."

"Basi wewe kama mwenyewe, viondoe!"

"Ningeviondoa vingekuwa vyangu. Lakini nimevifungua, na kwetu sisi kiti kizima kina mwenyewe. Nikajiuliza, mwenyewe ni nani? Aliyelipa. Nani amelipa hapo juu miezi hii yote? Nani analipa taa, na lifti, na yule mtu wa kulisha samaki?" Sauti yake, ambayo karakanani ilikuwa ya upole hata kwa paka, ilipanda bila kuombwa ruhusa. "Mmetwambia mnakufa! Tumewapa. Mmetwambia bado mnakufa! Tumewapa tena. Kumbe mtu anakufa huku anachagua ngozi ya ndama? Unataka kukandwa mabega, umebeba nini? Huyu hapa ndiye amebeba! Mguse mabega huyu!"

Foleni ilinguruma. Si ya kutisha; ni ngurumo ya watu waliogundua kwamba wako wengi. Manukato alirudi nyuma hatua moja, akamgeukia mlinzi.

"Wainue!"

Mlinzi alitazama viti, akatazama kibali, akatazama ncha za viatu vyake. "Bosi, mimi kazi yangu ni kulinda mali ya benki. Na hapa imeandikwa si ya benki."

Ilipokaribia saa tisa mtangazaji wa redio alikuwa amefika na kipaza sauti. Saa tisa na robo alishuka meneja mwenyewe, mwanamume mrefu mwenye tabasamu la kuazima, akamwinamia Dada.

"Bibi, tafadhali. Mkiinuka, tunawahudumia nyote kumi na wawili. Mara moja. Ila viti virudi ndani."

"Nihudumie nikiwa nimekaa," Dada alisema. "Nimesimama siku tatu. Na si kumi na wawili. Akitoka mmoja, anakaa mwingine, mpaka foleni iishe."

"Foleni ina watu mia mbili, bibi."

"Mimi nilikuwa nagawia mia nne kabla ya kengele."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Karani wa dirisha la tatu alitoka nje na kitabu na kidau cha wino wa dole gumba, akapiga magoti kwenye saruji mbele ya kiti cha mpishi mstaafu. Dada alihesabiwa chake chote kwenye mapaja, mdogo wake anakagua. Meneja alisubiri, tabasamu limening'inia.

"Tunashukuru kwa uvumilivu wako, bibi. Wewe huna neno la kutushukuru, kwa ajili ya redio?"

"Nikushukuru kwa kunipa changu?" Dada aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Mwanangu, hukulelewa, au umesahau?"

Kabla jua halijazama watu thelathini na saba walikuwa wamepata, mwanamke wa mtoto akiwa wa pili. Kisha benki ikafunga milango ikasema kesho. Wengi waliondoka mikono mitupu, na Mama Springi aliwaona wanavyoondoka, na hasira yake haikupoa.

Ijumaa daktari alimtoa Dada mtoto wa jicho. Jumamosi walipofungua bandeji, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mdogo wake amezeeka vibaya. Walilia wote wawili kwa kucheka.

Jumatatu Mama Springi alikuwa tena mbele ya benki, viti vikiwa vimepangwa na foleni ikisogea kiti kwa kiti. Kazi za karakana zilikuwa zinamngoja, na wateja wawili walikuwa wameshaenda kwa fundi mwingine. Mara likaja lori kubwa, likapiga honi kwenye geti la pembeni. Nyuma limejaa maboksi, na kwenye kila boksi picha ya kiti cheusi kinachong'aa. Ina maana waliagiza zamani. Waliagiza kabla hata ya kumpandisha lifti. Saini yake ilikuwa ya kuficha tu.

Fundi saa aliinuka kwanza. Kisha mwingine, kisha wote waliokaa na waliosimama, wakavuka barabara taratibu kama watu wanaokwenda kuzika, wakajipanga mbele ya geti, foleni ile ile, mpangilio ule ule, kila mtu anajua nani yuko mbele yake.

Dereva alitoa kichwa dirishani. Alikuwa mtu wa mbali, uchovu umemjaa machoni, karatasi za mzigo mkononi.

"Jamani, nipisheni! Huu ni mzigo wa watu!"

"Tunajua," Mama Springi alisema. "Watu wenyewe ndio sisi. Tumeshalipa. Na hatuutaki."

Dereva alitazama karatasi zake. Akatazama foleni, ambayo mwisho wake haukuonekana. Akajikuna shingo, akazima injini.